Kipupwe kisimalize mtaji wa wauza miche ya bogenvilia

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huwa michungu kwa wauza miche ya maua wa Njombe, Makete na maeneo mengine ya baridi ya Nyanda za Juu Kusini. Bogenvilia, ua linalopendwa kwa uzio na kwa kupamba nyumba, hupukutisha majani, ncha za matawi huwa nyeusi na wateja huanza kurudi wakidai fedha zao.

Lawama zote hutupiwa baridi. Ni kweli kwamba baridi ina sehemu yake, lakini mara nyingi kinachomaliza mche ulio kwenye kiriba ni maji anayomwaga mwenyewe akidhani anauokoa.

Asili ya bogenvilia ni Amerika Kusini, katika nchi kama Brazil. Ni mmea unaopenda jua kali na udongo usiotuamisha maji, ndiyo maana hustawi bila taabu Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Mji wa Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni habari nyingine. Usiku wa kipupwe joto hushuka sana, na mabondeni umande huganda ukawa jalidi. Wakulima wa vinyungu wanaijua jalidi hiyo, kwani ndiyo inayounguza viazi na maharage yao.

Baridi inapozidi, bogenvilia hupunguza kukua na mizizi yake hunywa maji kidogo. Majani yanayogeuka njano na kudondoka si lazima yawe dalili ya kifo. Mara nyingi mmea unapumzika tu.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Mwenye mche akiona matawi matupu hukimbilia ndoo. Humwagilia asubuhi na jioni, na wengine huongeza mbolea ya urea. Udongo hubaki umelowa na wenye baridi, mizizi huoza, na mche uliokuwa umelala hufa kweli.

Kabla ya kuutupa mche, inatosha kukwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ndani pakiwa na ukijani, mche u hai. Pakiwa pakavu na pa kahawia, tawi hilo limekufa, lakini huenda shina la chini bado lina uhai.

Matunzo yenyewe hayahitaji gharama kubwa. Maji yatolewe pale tu udongo wa juu unapokauka hadi kidole kikiingizwa hakikuti unyevu, na yamwagwe asubuhi, si jioni. Mbolea isubiri. Vivyo hivyo upogoaji, kwa sababu tawi likikatwa Julai huchipua machipukizi laini ambayo jalidi huyaunguza kwanza.

Viriba na vyungu visogezwe kwenye ukuta unaopigwa na jua, au chini ya upenu, mbali na bonde ambako hewa ya baridi hutuama. Usiku ambao mbingu ni nyeupe na upepo umetulia ndio wa kuogopwa. Jioni yake miche ifunikwe kwa magunia au nyasi zilizowekwa juu ya fito, na ifunuliwe jua likichomoza. Nailoni iliyogusa majani haisaidii, kwani jani linaloigusa huungua vilevile.

Hesabu inaonyesha kwa nini jambo hili si dogo. Tuseme mfanyabiashara amenunua miche 100 kwa sh. 2,000 kila mmoja na anaiuza kwa sh. 4,000. Ikipona yote, ana faida ya sh. 200,000 kabla ya nauli na vibarua. Ikifa 40, mauzo yake ni sh. 240,000 na kinachobaki juu ya mtaji ni sh. 40,000 tu. Nauli ya mzigo peke yake inaweza kuimeza.

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye daftari, nayo ni ya jina. Wapo wanaoshusha miche kutoka maeneo ya joto katikati ya Juni, ikiwa imechanua na kupendeza, na kuiuza siku hiyo hiyo bila neno. Mche uliozoea joto haukupewa nafasi ya kuizoea baridi. Baada ya wiki chache mnunuzi anabaki na fimbo kavu, naye hawezi kumsifia muuzaji huyo kwa jirani.

Wengine hujitetea kwamba mteja akielezwa ukweli ataondoka. Huenda mmoja akaondoka leo. Lakini yule aliyeambiwa kwamba majani yatadondoka, asizidishe maji, na asubiri joto lirudi, ataona machipukizi mapya na atajua aliuziwa na mtu anayeijua kazi yake. Mteja wa namna hiyo hurudi, tena huja na wenzake.

Njia iliyo bora ni kubadili kalenda. Miche iletwe na kuuzwa kuanzia Septemba na Oktoba, joto linapoanza kupanda, ili ipate miezi mingi ya kukomaa kabla ya Juni inayofuata. Huo pia ndio wakati wa kupogoa na kuchomeka vipande vya matawi yaliyokomaa, vyenye unene wa penseli, kwani vikichomekwa wakati wa baridi vingi huoza kabla ya kutoa mizizi. Atakayezalisha miche yake hapo hapo Njombe atapunguza nauli, na ataweza kuchagua mashina yaliyokwishapita kipupwe yakabaki hai.

Kipupwe kitarudi kila mwaka na hakuna muuzaji awezaye kukizuia. Ndoo ya maji, hata hivyo, iko mkononi mwake, na maelezo anayompa mteja yako kinywani mwake. Akivitawala hivyo viwili, Agosti itapita na mtaji wake ungali ndani ya viriba.