Raba ya mazoezi ichaguliwe na mguu, si jicho



Mwenye sukari au presha akienda hospitali huambiwa afanye mazoezi: atembee, akiweza akimbie kidogo kidogo. Ushauri huo ni sahihi. Lakini ni wachache wanaoambiwa wavae nini. Ndiyo maana hapa Kiegei utamkuta mzee baada ya swala ya Alfajiri anakimbia kwenye vumbi na kandambili, au na raba ya mtumba inayombana, aliyoinunua kwa kupenda rangi. Kwa maoni yangu, kuhimiza mazoezi bila kutaja viatu ni nusu ya ushauri, na kwa mwenye kisukari kasoro hiyo yaweza kumgharimu mguu.

Kisukari kikikaa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mgonjwa hasikii kijiwe wala lengelenge. Akija kugundua, kidonda kimeshachimbika, na kwa kuwa damu haifiki vizuri unyayoni, hakiponi upesi. Wapo waliokatwa mguu kwa jambo lililoanza na kiatu kinachobana.

Utasikia mtu akisema: mbona Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku? Ni kweli. Lakini alizoea kufanya mazoezi peku, na inaelezwa kuwa viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu na akashinda tena. Wewe na mimi tukienda peku tuna miiba, pepopunda, na safura inayopenya kwenye ngozi ya unyayo.

Dini yetu nayo haikulisahau jambo hili. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) alihimiza kuvaa viatu, akamfananisha aliyevivaa na mtu aliyepanda mnyama. Basi kununua kiatu kinachofaa si israfu. Israfu ni kulipia jina lililoandikwa ubavuni.

Unapochagua raba, zingatia haya:

Kwanza, jaribu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Vaa zote mbili, na soksi utakazokimbilia, kisha simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kisigino kisichomoke unapotembea.

Pili, ikunje. Raba nzuri hujikunja pale vidole vinapoanzia, si katikati.

Tatu, kama ni mtumba, itazame soli. Iliyolika upande mmoja iache, maana itakupindisha mguu. Bonyeza ndani, ikiwa ngumu kama ubao, imekwisha kazi. Hata mpya haidumu milele: huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 25 kwa wiki ajue ni miezi mitano hadi saba tu.

Nne, ukimwagiza mtu Nachingwea mjini, usimtajie namba peke yake. Simama juu ya karatasi, chora miguu yote miwili, ukate, umpe aende nayo sokoni. Na wewe mzazi, usimnunulie mtoto raba kubwa eti akue nayo. Mguu unaocheza ndani ya kiatu huchubuka na kujikwaa.

Baada ya kununua, usafi. Sisi tunaosali hulowesha miguu mara kadhaa kwa siku. Ukivaa soksi na raba vidole vikiwa na maji, unawakaribisha fangasi. Futa katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu. Raba zilizolowa jasho zianikwe zipate hewa, na kabla ya kuzivaa zikung'ute.

Wewe mwenye kisukari, Allah (s.w.) amekupa daktari wa kila siku, nao ni udhu. Sunna ni kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu. Unapofanya hivyo tazama pia unyayo, au mwombe mwanao akutazamie. Ukiona jeraha, wekundu au lengelenge, au ukihisi ganzi, usikimbie. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mguu ni amana. Tutaukimbiza vipi ilhali hatuutazami?

Wabillah Tawfiq.