Mcheza Kwao Hutuzwa: Mbona Watuzaji Hawaji?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hata hivyo, mtu akihudhuria siku ya wazazi katika nyingi ya shule zetu za Meru na Embu, atakuta viti vya wageni waalikwa vimejaa ilhali mabenchi ya wazazi yana nafasi tele. Walimu nao huwa wepesi wa kutoa hukumu: wazazi hawa hawaijali sanaa wala hawawajali watoto wao. Ninadai katika makala haya kwamba hukumu hiyo ni ya pupa. Mzazi huvutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja. Kinachomvuta ni mtoto, na kinachomsukuma si sanaa.

Mosi, kuna gharama ya siku yenyewe. Majani chai ya nyanda za juu za Embu yakichumwa sharti yafike kituo cha kupimia siku iyo hiyo. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere huuzwa ikiwa mibichi, na ikinyauka haina mnunuzi. Mzazi anayeketi uwanjani kutwa nzima ametoa pato la siku. Angelitoa kwa moyo mkunjufu lau shairi la mwanawe lingekaririwa saa nne asubuhi kama ilivyoandikwa kwenye ratiba. Aghalabu hukaririwa saa tisa alasiri, baada ya hotuba ndefu za watu ambao hakuja kuwasikiliza.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, tamasha limegeuzwa mtego wa fedha. Ni kweli kwamba elimu ya msingi katika shule za umma haina karo tangu mwaka 2003. Lakini mavazi ya ngoma, njuga na nauli ya basi la kwenda mashindanoni bado humfikia mzazi. Asiyeweza kulipa huogopa kutajwa mbele ya majirani.

Nilipokuwa darasa la sita niliteuliwa kuongoza shairi la kikundi. Mama aliahidi kuja. Nilipopanda jukwaani niliyapekua mabenchi kwa macho nisimwone, na hasira ikanipanda. Tulipofika ubeti wa mwisho ndipo nilipomwona nje ya ua wa michongoma, kikapu cha chai kingali mgongoni, akichungulia kwenye upenyo. Langoni palikuwa na meza na orodha ya waliokuwa hawajalipia mavazi, nalo jina lake lilikuwemo. Alitupigia makofi kutoka huko huko nje, kisha akaenda zake. Je, mama huyu alikuwa haijali sanaa?

Tatu, kuna suala la lugha, na hapa sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna budi kujikosoa. Nyanya aliyezoea Kimeru au Kiembu huketishwa mbele ya mchezo wa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Hata zamu ya Kiswahili inapofika, tunamtungia mtoto beti zilizosheheni misamiati ya kamusini ili kuwafurahisha waamuzi. Mathias Mnyampala alipozivumisha ngonjera nchini Tanzania baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alikusudia zieleweke na umma. Sisi tumeziazima na kuusahau umma wenyewe.

Historia yetu inathibitisha kwamba mkulima hachoshwi na jukwaa linalomheshimu. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii ulifunguliwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977. Uliigizwa kwa Kikuyu na wanakijiji wenyewe, na watu walifurika kuutazama hadi serikali ilipoufutia kibali mwezi wa Novemba mwaka huo.

Huenda wakatokea watakaosema kwamba mzazi mwema hujinyima ili aje. Sipingi. Mtoto hukumbuka kwa miaka mingi ni nani aliyekuja, na mzazi mwenye uwezo wa kuja asiye na sababu ila uvivu hana udhuru. Lakini wajibu huu una pande mbili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza ushiriki wa mzazi katika masomo ya mwanawe. Sanaa imepewa mkondo wake katika shule za sekondari ya juu pamoja na michezo. Haifai basi kumwita mzazi mshirika darasani na kumfanya mdaiwa langoni.

Ninapendekeza mambo matatu. Watoto watangulie na hotuba zifuate, tena ziwe fupi. Masuala ya madeni na michango yatengewe siku nyingine na kuzungumzwa faraghani. Kila tamasha liwe na kipande kimoja angalau cha lugha ya nyumbani, na pale penye wazee wenye ujuzi wa ngoma, waalikwe kuwafunza watoto. Mzee aliyemfunza mtoto kupiga ngoma hatahitaji barua ya mwaliko.

Mama yangu hakukosa upendo siku ile. Alikosa mlango wa kupitia. Shule ikitaka mcheza kwao atuzwe, ianze kwa kuiondoa meza ile langoni.