Mbali na Nani?

Msomaji, wako wasemao kwamba Iqaluit ya Kanada na Nuuk ya Greenland ni miji ya mbali. Waulize: mbali na nani? Twaa rula uipime ramani. Kwa njia ya hewa, kati ya miji hiyo ni kama kilomita 800 tu, na wenyeji walio wengi pande zote mbili ni Wainuit, watu wa asili moja. Walakini, pasipo ndege ya moja kwa moja, abiria alikuwa hana budi kushuka kusini hadi Ottawa, zaidi ya kilomita 2,000, avuke Atlantiki mpaka Ulaya, ndipo arudi magharibi kumwamkia jirani yake!

Watajibu kuwa abiria ni wachache. Nani atapenda kuzunguka hivyo? Katika majira ya joto ya mwaka 2024 ndege ziliruka moja kwa moja, safari ya saa mbili hivi. Bahari haikupungua upana. Ila njia ilibadilishwa.

Basi usimwite mtu “wa mbali” kabla hujauliza rula imewekwa wapi, na mkono wa nani umeishika.