Tamko Kuhusu Lugha za Krioli na Watu Wanaozizungumza

Sisi, wanachama wa chama cha walimu na watafiti wa isimu, tunatoa tamko hili kwa wachapishaji wa vitabu vya kiada, walimu wenzetu na vyombo vya habari. Tunapinga kwa kauli moja mazoea ya kuziita lugha za krioli, yaani lugha kamili zilizozaliwa pale watu wa lugha tofauti walipokutanishwa, "lugha zilizovunjika". Mazoea hayo hayakutokana na utafiti. Yalitokana na kuwadharau watu kwa rangi yao, na dharau hiyo ikaja kuvishwa joho la taaluma.

Ushahidi wetu ni kazi ya Lorenzo Dow Turner, mwanaisimu Mmarekani Mweusi aliyezaliwa North Carolina mwaka 1890. Mwaka 1929, akifundisha Orangeburg, South Carolina, aliwasikia wanafunzi wakizungumza Kigullah, krioli ya Weusi wa visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia. Hukumu juu ya lugha hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa. Mwandishi Ambrose Gonzales alikuwa ameandika mwaka 1922 kwamba watumwa walikiharibu Kiingereza kwa ndimi nzito, pua bapa na midomo minene. Mtu apimwe pua ili ijulikane sarufi yake! Wengine walidai kwamba Kigullah ni masalia tu ya Kiingereza cha kale cha mashambani, wala Afrika haimo.

Turner hakuwajibu kwa hasira. Alikwenda visiwani na mashine ya kurekodia, akaenda London kusomea lugha za Afrika, akawatafuta Waafrika wenyewe wamsikilizie alichokusanya. Kitabu chake, Africanisms in the Gullah Dialect, kilitoka mwaka 1949 kikiwa na maneno yapatayo 4,000 yenye asili ya Afrika. Limo nguba, yaani karanga, neno ambalo msemaji wa Kilingala analitumia mpaka leo.

Mengi kati ya maneno hayo ni majina ya watu. Mtoto wa Kigullah alikuwa na jina la shuleni na jina la nyumbani, lililoitwa jina la kikapu. Mgeni alitajiwa la shuleni, akaondoka akiamini kwamba amesikia yote. Turner alitajiwa la nyumbani, kwa kuwa alikaa na watu hadi wakamwamini.

Huko Harris Neck, Georgia, mama mmoja, Amelia Dawley, alimwimbia wimbo ambao mwenyewe hakujua maana yake. Mwanafunzi kutoka Sierra Leone aliutambua: ulikuwa wa Kimende, lugha ya huko Sierra Leone. Miongo kadhaa baadaye watafiti walimkuta mwanamke katika kijiji cha Senehun Ngola, Sierra Leone, akiujua wimbo unaofanana nao, wimbo wa maziko aliofundishwa na bibi yake. Mwaka 1997 Mary Moran, binti yake Amelia, alifika kijijini hapo. Alipatikana kwa sababu Turner aliandika jina la mama yake.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Kinubi cha Kibra, Nairobi, na cha Bombo, Uganda, ni krioli iliyotokana na Kiarabu cha askari kutoka Sudan. Jina lenyewe Kibra ni neno la Kinubi, maana yake msitu. Hata hivyo bado kuna watu wanaokiita Kiarabu kibovu, nasi tuliosomea isimu hatujawakanya vya kutosha. Kiswahili nacho kiliwahi kuitwa mchanganyiko usio na kwao, ingawa sarufi yake ni ya Kibantu. Tuliumia tulipotendewa hivyo.

Kwa hiyo tunawataka wachapishaji waondoe maneno "kuvunjika" na "ubovu" katika maelezo ya krioli, na waeleze utumwa na ukoloni uliozizaa. Walimu tunawaomba wasimwadhibu mtoto kwa kuzungumza lugha ya kwao. Nasi tunajifunga kwamba mwanachama yeyote atakayerekodi wazee wa Kibra, Bombo au kwingineko ataandika majina yao kamili wakiridhia, pamoja na lile la nyumbani, na nakala ya sauti itabaki kwa familia zao.