Likembe ilitiwa umeme, endara inangoja nini?

WAPO watakaoshangaa mwalimu wa Bulembia kuandika juu ya albamu za muziki ambao wengi huku huuita kelele. Wasishangae. Sisi tuliosomea ukimbizini upande wa Kongo tulirejea na masikio mawili: moja la kwetu, jingine la ng'ambo ya mto Lhubiriha. Acheni niseme waziwazi ninavyousikia.

Nianze na Konono No. 1 wa Kinshasa. Albamu yao, Congotronics, ilitoka mwaka 2004 na Wazungu wakaishangilia kama kitu kipya kabisa. Upya gani? Mzee Mawangu Mingiedi, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa akipiga likembe, ile ile ambayo Waganda huiita akadongo. Katika makelele ya jiji likembe haisikiki, basi akaitia umeme na kuunda vipaza sauti kwa sumaku za magari mabovu. Shida ndiyo iliyomfundisha. Naipa alama za juu, ila nyimbo ni ndefu mno kwa msikilizaji aliyekaa kitini. Muziki ule ni wa kuchezwa.

KOKOKO!, nao wa Kinshasa, walitoa Fongola mwaka 2019 wakipiga makopo, chupa na vyombo vya kuokoteza. Hapa sina maneno mengi. Ina nguvu na ina mpangilio. Hii ndiyo ningemwazima jirani kwanza.

Sounds of Sisso ya mwaka 2017, ya singeli ya Dar es Salaam, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, inanitaabisha. Mapigo hupita 200 kwa dakika. Wimbo wa kwanza unakuinua, wa tano unakuchosha, na maneno ya Kiswahili ambayo mfanyabiashara wa Bwera angeyafurahia yanamezwa na kasi.

Mwaka 2018 waziri wa maadili wa wakati huo, marehemu Simon Lokodo, alilipiga marufuku tamasha la Nyege Nyege la Jinja, kisha akalegeza kamba. Tulibishana juu ya maadili wee, lakini ni wangapi waliokaa wakausikiliza muziki wenyewe?

Sasa kwetu je? Wakonzo tuna endara, marimba makubwa yanayolazwa juu ya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Wanafunzi wangu huwataja wasanii wa Kampala na Kinshasa bila kusita, lakini endara huiona siku ya sherehe tu. Waliozaliwa ukimbizini hata hiyo sherehe hawakuiona. Mingiedi hakuiokoa likembe kwa kuifungia kabatini. Aliiingiza mjini.

Wenye studio za Kasese na Bwera, irekodini endara. Waiteni wazee wanaojua kuipiga, muwakalishe pamoja na vijana wa kompyuta, wachanganye, wabishane, warudie. Na wazee walipwe, si kupewa soda.

Nanyi mnaovuka Mpondwe kwenda Kasindi, muziki huo utieni kwenye flashi pamoja na mwingine mnaouuza. Wanande wa ng'ambo ni ndugu zetu, watauelewa bila mkalimani. Tusingoje mgeni aje kutuambia kuwa tuna mali, kisha atuuzie.