Kisanduku Hakimwoni Anayekifungua

Desemba ifikapo, nyumba za Marangu, Kibosho na Rombo hujaa watu. Ndugu wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hurudi kihambani kwa Krismasi, vyumba hugawanywa upya, na mgonjwa aliyezoea kuweka kisanduku chake cha dawa juu ya kabati hulazimika kukificha. Baadhi huchagua njia rahisi: hutoa vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, huvifunga kwenye kitambaa, na kumeza kila siku kwa saa yake. Hata hivyo, kila jioni simu hulia ikikumbusha dawa ambayo tayari imo tumboni, na kwenye kompyuta ya kliniki jina la mgonjwa huyo hupata alama ya siku zilizokosekana.

Visanduku hivi si vigeni Moshi. Watafiti wa hapa wamevijaribu kwa watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ndani yake mna kadi ya simu. Kifuniko kikifunguliwa, saa na dakika hupelekwa kwenye mfumo kupitia mtandao. Kisipofunguliwa katika muda uliopangwa, ujumbe wa kumkumbusha mgonjwa huweza kutumwa bila mtu yeyote kubonyeza kitu. Pale mtandao unapokuwa dhaifu, kumbukumbu husubiri ndani ya kisanduku na kufika baadaye. Kwa hiyo kimya cha siku mbili huenda kikawa cha mlima, si cha mgonjwa.

Jambo ambalo mfumo unalijua kwa hakika ni moja tu: kifuniko kilifunguka au hakikufunguka. Kutoka hapo hadi kusema kwamba mgonjwa amemeza, au amekaidi, ni hatua inayopigwa na binadamu, na mara nyingi hupigwa bila kufikiriwa, kwa sababu tu safu ya jedwali ina jina la mtu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Mtoto hufungua kwa udadisi, mama mkwe hufungua ili ajue kilichomo, na mgonjwa mwenyewe aliyechoka hufungua ili simu inyamaze. Siku zote hizo huandikwa kuwa njema, na hakuna anayempigia simu mgonjwa ambaye kumbukumbu zake ni njema.

Tanzania iliwahi kuwa na shahidi mwenye macho. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanza mwaka 1977, Karel Styblo alisaidia kujenga hapa nchini utaratibu wa matibabu unaosimamiwa, ambamo mhudumu humwona mgonjwa akimeza. Utaratibu huo uliokoa wengi, lakini kumteremsha mtu mlimani kila siku hadi zahanati, na shamba likimngoja, si jambo dogo. Kisanduku kinaweza kupunguza mzigo huo, na kukikataa ingekuwa haraka isiyo na busara. Kinachopaswa kukataliwa ni kukipa cheo cha shahidi aliyeona.

Marekebisho yaanzie kwenye maneno. Safu isomeke “kifuniko kilifunguliwa”, si “dawa imemezwa”. Swali la kwanza kliniki liwe “Kisanduku kilikaa wapi wiki hii?” badala ya “Kwa nini hukunywa dawa?”, na jibu lilinganishwe na hesabu ya vidonge na kipimo cha wingi wa virusi. Mgonjwa naye, anapojua anasafiri au anapokea wageni, atoe taarifa mapema. Hilo si kukiri kosa. Maelezo yake yaingizwe kwenye kumbukumbu pamoja na jina la mhudumu aliyeyaandika, jambo lisilowezekana pale ambapo chumba kizima hutumia nywila moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zirekebishwe, na alama ya siku zilizokosekana ni taarifa binafsi kama zilivyo nyingine.

Januari, wageni wakishateremka mlimani, foleni za kliniki huwa ndefu na muuguzi hubaki na dakika chache kwa kila mtu. Mbili kati ya hizo zinatosha kuuliza ni nani mwingine aliyelala chumba kile.