Jini wa Mji wa Kale? Hebu kagua picha kwanza

Umetumiwa picha ya usiku kutoka Mji wa Kale, kivuli cheupe kichochoroni, chini yake wameandika "jini huyo"? Usiisambaze bado.

Si unajua Fort Jesus ina historia nzito. Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi 1698, watu wakafa mle kwa njaa na maradhi. Baadaye Waingereza wakaigeuza jela. Ukienda pale usiku, macho yashaanza kutafuta kitu.

Sasa vile viduara vinavyoelea ni nini? Vumbi au matone madogo ya unyevu karibu na lenzi, yamemulikwa na flashi. Na hewa yetu ya bahari unaijua. Yule mtu kama moshi je? Gizani, simu hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Mama akipita na buibui lake Ndia Kuu, picha itamtoa nusunusu, ukuta wa nyuma ukionekana.

Utapeli nao ni wa kale. Kule Marekani, William Mumler aliuza picha za "mizimu" hadi akashtakiwa 1869. Siku hizi programu ya simu yatosha.

Kuamini majini ni imani yako, sibishani. Lakini hapo jirani Kilifi, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Picha ikisambaa na jina la bibi wa watu, utairudishaje? Uliza nani kaipiga, wapi, saa ngapi. Hupati jibu? Ifute.